Vocha ya Watu Wawili

Mama mkwe wangu alimpikia bibi mmoja wa Kiitaliano hapa Malindi kwa miaka mingi, na ni bibi huyo aliyempeleka kasino mara ya kwanza. Hakupenda kwenda peke yake. Akamwandikisha mpishi wake uanachama, akamvika kadi yenye kamba shingoni, akamkalisha kwenye mashine ya jirani ili apate mtu wa kuongea naye. Bibi alipozeeka wanawe walikuja kumchukua, nyumba ikauzwa, na mama mkwe akahamia kwetu, mtaa wa Kisumu Ndogo, na masanduku mawili, kinu cha pilipili na ile kadi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani nasimamia kwaya. Kila Jumanne mchana mama mkwe alivaa gauni lake la maua, akajifunga leso, akaita tuktuk mbele ya majirani wote na kumwambia dereva kwa sauti kubwa: "Kasino!" Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu alikuwa akicheka tu.

"Mwache mama. Wenzake huenda kwa waganga."

Kusema, nisingeweza. Nilikozaliwa, Adu, nyumba nyingi bado zinashika mila ya Kigiriama ya heshima kati ya mtu na mamake mkewe. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni. Akiingia kwa mlango wa jikoni, wewe watoka kwa mlango wa mbele. Tuliishi hivyo chini ya paa moja, tukisalimiana kupitia ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto wa shule hawajambo?"

"Hawajambo."

Basi, yakaishia hapo mpaka kesho yake.

Nilichojua kuhusu kasino ni vile vitu alivyorudi navyo. Krismasi alipewa kikapu cha unga, sukari na mafuta. Mwezi wa kuzaliwa kwake alipewa keki, akaipakata kwenye tuktuk kama mtoto mchanga. Siku moja alileta mwavuli mwekundu, mzuri sana, nami nikawa nauchukua kwenda nao kanisani mvua ikinyesha, nikiuinamisha upande ili maandishi yake yasisomeke. Keki pia niliila.

Halafu akaja na vocha ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ilikuwa lazima itumike kabla mwezi haujaisha, na chakula kiliwe palepale. Siku zote alikwenda na binti yake, lakini mke wangu anafanya kazi katika hoteli moja Watamu, wageni walikuwa wamejaa, na ruhusa hakupata. Ikafika Jumapili ya mwisho.

"Nenda naye wewe," mke wangu akaniambia asubuhi akivaa viatu vya kazini.

"Mimi? Nikaketi meza moja na mama?"

"Vocha ni ya wawili. Akienda peke yake wampe sahani nusu?"

Jikoni mtu akakohoa. "Mwambie mwenzio, kama ni vigumu, basi. Iachwe ioze."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kukiacha chakula kioze, naye alijua.

Tukaenda baada ya ibada, yeye nyuma ya tuktuk, mimi nimejibana mbele kando ya dereva. Msichana wa kaunta ya wanachama alimwona akainuka.

"Shikamoo, mama! Leo umekuja na mwanao?"

"Na mkwe wangu."

Msichana alikuwa mtu wa huku huku, mila aliijua. Alishika mdomo, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaenda kunong'ona na mhudumu. Wakatupangia meza mbili ndogo kando ya dirisha, viti vikipeana mgongo. Mama mkwe akaketi akitazama ndani, mimi nikaketi nikitazama magari yaliyoegeshwa nje. Tukaagiza changu wa kukaanga na wali wa nazi, kila mtu na sahani yake.

Nikagundua kwamba kuongea na mtu aliye nyuma yako ni rahisi. Kwa mara ya kwanza nikamuuliza jambo ambalo halikuhusu watoto wa shule.

"Mama, hizi zawadi unazipataje? Maana watu husema kule ndani wanaliwa pesa tu."

"Wanaliwa kweli," akajibu. "Mimi naingia na kile kidogo nilichokwisha kukililia nyumbani kama kilichopotea. Kikiisha, nakunywa kahawa yao ya bure, narudi. Naenda Jumanne kwa sababu pointi za kadi siku hiyo ni maradufu. Kadi naichomeka kabla sijabonyeza chochote. Wengine husahau, wakacheza bila kupata pointi. Na pointi nazichukua kwa chakula. Ukizichukua kwa kucheza tena, umewarudishia."

"Kwa hiyo ukicheza sana unapata nyingi."

"Ndivyo wanavyotaka ufikiri." Nilisikia akiweka glasi mezani. "Pointi ni makombo ya mkate wako mwenyewe, baba. Nani ataoka mkate mwingine kwa ajili ya makombo?"

Nikacheka, nikaendelea kula. Mhudumu akapita, akasimama mezani kwake.

"Mama, samaki hakukupendeza?"

"Amenipendeza sana."

Nikageuka. Sikupaswa, lakini niligeuka. Wali ulikuwa umekwisha. Samaki alikuwa mzima, ila ubavuni, mahali alipokuwa akimpapasa kwa ncha ya kidole, akitafuta miiba. Nikamtazama machoni. Sijui ni mwaka gani niliwahi kumtazama machoni. Yalikuwa na ukungu, kama glasi iliyotiwa maziwa kisha ikamwagwa.

"Mama, unaona?"

"Naona vizuri."

"Mbele yako kuna nini?"

Akainamia meza. "Kuna kitu chekundu."

Ilikuwa chupa ya pilipili, karibu kabisa na mkono wake.

"Tangu lini?"

"Tangu ile mvua kubwa. Kidogo kidogo."

"Na mashine unachezaje?"

"Nasikiliza. Ina mlio wake ikipata. Na yule binti wa kaunta hunisomea pointi."

"Mbona hukutuambia?"

Akakunja ncha ya leso yake, akaikunjua. "Mngenitoa jikoni."

Nikasimama na kiti changu mkononi. Nilimfikiria marehemu baba, ambaye hata kwenye msiba alikaa mbali na mama mkwe wake. Kisha nikakiweka kiti mbele yake, nikaketi, nikaivuta sahani. Nikanawa vidole kwa maji ya glasi na kumchambua yule changu mwiba mmoja mmoja kama ninavyowafanyia wanangu. Mama mkwe aligeuza uso dirishani, akafunika mdomo kwa leso.

"Mungu anatuona," akasema.

"Na miiba pia anaiona."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko. Akala samaki wote, hata kichwa.

"Usimwambie mtu wa Adu," akasema tulipoinuka.

"Sitamwambia."

Mke wangu aliposikia habari ya macho alikaa kitandani akalia, akasema amelala nyumba moja na mamake na hakuona. Tukampeleka kliniki. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, wakampasua moja kisha jingine. Siku ya kufungua bandeji ya pili alimtazama binti yake, akamshika mashavu, wakalizana. Halafu akanigeukia. Aliniangalia kwa muda mrefu bila kuinamisha macho, nami sikuinamisha.

"Kumbe una mvi, baba."

"Za kwaya, mama."

Jumanne iliyofuata alivaa gauni lake akaenda kasino, akarudi kabla kahawa ya nyumbani haijachemka. Akaketi kizingitini.

"Zulia lao limetoboka," akasema. "Na sikujua nyuso za watu wa mle zimechoka vile. Yule mama anayeuza mahamri hapa kwetu konani yupo, anabonyeza huku machozi yanamtoka. Nimeketi jirani naye miezi yote hii nikimsikia akivuta kamasi, nikidhani ni mafua."

Nilitarajia aitupe kadi. Hakuitupa. Siku hizi huenda mara moja kwa mwezi, na zaidi ni kumsalimia msichana wa kaunta. Vocha ya wawili iliyofuata hakutuuliza. Alipita kwa yule mama wa mahamri, akambishia hodi, akamwambia avae waende wakale, na kwamba mashine watazipita bila kuzisalimu.

Sijui kama mama yule ameacha. Mama mkwe naye hajui, na anasema si kazi yake kupeleleza. Anachosema ni kwamba walikaa mpaka wahudumu wakaanza kufagia, na kwamba mwenzake alimaliza sahani, akaagiza chai, kisha akaagiza nyingine.