Kila Aliyemuuguza Alikufa

Mtaa mzima ulimwita Fundi wa Mwisho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchonga majeneza, na baada yake hakuna fundi mwingine anayekushika. Jina alilizoea. Vijana wa kijiweni wakimwona anapita walifunika nyuso, wakamwambia asiwatazame sana, wao bado wapo wapo, naye aliwajibu kwamba mbao zimepanda bei, wavumilie kidogo. Utani huo ulimtosha miaka yote. Mkewe alipofariki, aliuacha. Wao waliendelea, yeye akawa anainua kidole tu na kupita.

Shule hakuiona. Hesabu alizijua za futi na inchi, basi. Neno la Mungu alisomewa na mkewe kila jioni, mlango ukiwa wazi ili hewa iingie. Mke akifika penye utata aliweka kidole kwenye mstari na kuuliza, "Hapa swali lilikuwa nini?" Ndivyo alivyokuwa. Alishika swali kama mama anavyoshika mtoto sokoni, haachii mkono hata wakimsukuma. Majirani wakianza kugombana juu ya ukuta uliopasuka wakafika kwenye tabia za mashemeji, yeye ndiye aliyewarudisha ukutani. Fundi alikaa pembeni akicheka. Hakudhani iko siku atatakiwa kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Ugonjwa ulianzia tumboni. Hospitali walimpima, wakampa dawa, wakampima tena, mwisho daktari akamvuta Fundi kando na kumwambia ampeleke mama nyumbani akapumzike. Fundi alielewa. Ndipo kanisa likamtuma Mama Beseni.

Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya beseni la bati alilobeba kila alikokwenda. Kanisa lilimpa chumba nyuma ya ofisi na posho kidogo, naye kazi yake ilikuwa kwenda kwa wagonjwa walioshindikana, kuwaogesha, kuwageuza, kuwabadilishia shuka, kuwalisha kijiko kwa kijiko. Maneno matamu hakuwa nayo. Fundi akisimama mlangoni akizuia mwanga, yule mama alimwambia kama hana la kushika aende karakana. Fundi alikwenda, na moyoni alishukuru kufukuzwa. Asubuhi mkewe alipokata roho, yeye alikuwa huko huko, anapiga randa jeneza la mtu mwingine.

Binti yao aliishi mji mwingine. Wakati wote wa ugonjwa alipiga simu. Kuja hakuja: mara kazi, mara watoto, mara wiki ijayo. Alifika siku ya mazishi, akabaki ili amtunze baba yake. Alipika, alifua, aliosha madirisha ambayo hayakuwa machafu. Siku moja, kwenye maombi ya akina mama, alisimama akilia akasema mama yake alikuwa anaongea naye vizuri kwenye simu mpaka huyo mwanamke alipoanza kuja nyumbani. Tangu aje, hali ikabadilika.

Hakusema zaidi. Wengine wakamsaidia. Mmoja akakumbuka mzee wa kona, naye aliuguzwa na Mama Beseni, akafa. Mwingine akamkumbuka mke wa fundi cherehani. Mwingine bibi yake mwenyewe. Kabla ya amina ya mwisho hesabu ilikuwa imetimia: kila aliyemuuguza alikufa. Hakuna aliyetaja kwamba wote hao walikuwa wamerudishwa na daktari kwanza.

Fundi aliyapata maneno hayo karakana, kutoka kwa mteja aliyekuja kununua gundi. Aliendelea kupiga msasa. Kilichomuuma ni kwamba kifo cha mkewe kilikuwa kimegeuzwa msumari, na watu walikuwa wanaupigilia mahali ambapo marehemu asingekubali. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu. Alijikuta anaujaribu uzushi ule, kama unavyojaribu kiatu cha mwenzako mwenyewe hayupo. Kama ni kweli, basi yuko wa kulaumiwa. Kama ni kweli, mke wake hakufa bure bure. Kiatu kilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililomtisha. Akakivua.

Wazee wa kanisa wakaita kikao, baada ya ibada, katika chumba cha nyuma, penye kabati la majoho ya kwaya na dirisha lisilofungika. Mchungaji alikuwepo, kijana mpole anayeogopa ugomvi kama paka anavyoogopa maji. Mwenyekiti wa wazee alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwema kwa kweli, aliyewahi kuwafundisha nusu ya waliokaa pale kusoma. Binti alikaa karibu na mlango. Fundi aliitwa kama mfiwa. Swali lilikuwa moja: Mama Beseni aendelee na kazi na chumba chake, au aondolewe?

Mwenyewe hakuitwa. Alikaa nje, kwenye ngazi. Fundi akauliza kwa nini. Mwalimu akasema wakimwita atakana, wenye makosa wote hukana. Fundi akauliza asiye na kosa yeye hufanyaje. Mwalimu akasema, "Naye hukana, mzee wangu. Ndiyo maana kumwita hakusaidii." Watu wakatikisa vichwa, wameridhika.

Fundi alihisi kama mtu anayeshika samaki kwa mikono yenye sabuni. Akasema yule mama haitwi kwa wanaopona. Anaitwa mlango ukishaanza kufungwa. Halafu, kwa kuwa maneno makavu yalimwishia, akaleta mfano.

"Mimi kila niliyempima amezikwa. Mbona hamniulizi?"

Wakacheka, hata mchungaji. Mwalimu akangoja kicheko kipungue, akamjibu kwa upole kwamba yeye huwapima wakiwa wamekwisha kufa, mwenzake huwashika wangali hai. Hayo ni mambo mawili. Wakacheka tena, safari hii upande wa mwalimu.

Na mwalimu alikuwa na haki. Mfano ulikuwa umepinda, Fundi mwenyewe aliuona. Neno alilotaka kusema lilikuwa zima, ubao alioliwekea ndio uliovunjika. Hakujua namna ya kulitoa hapo. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kushindwa.

Akajaribu tena. Akawakumbusha yule kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi walivyomuuliza Bwana nani aliyekosa, yeye mwenyewe au wazazi wake, na Bwana hakumchagua yeyote. Walimwekea wawili, akawakataa wote wawili. Wakasema amina. Mchungaji akamshukuru kwa neno zuri. Neno likapewa kiti pembeni kama mgeni, kikao kikaendelea bila kulisemesha.

Mama mmoja mshonaji akasema wahenga hawakukosea, lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Fundi aliichukia methali ile tangu siku hiyo. Ikiwa kweli, imeshinda. Ikiwa uongo, imeambiwa isubiri. Mwingine akasema mtaa mzima unaongea jambo moja, je, mtaa mzima ni wajinga? Fundi akasema umati uliokuwa mbele ya liwali Bwana aliposhtakiwa nao ulipiga kelele ya sauti moja, na tunajua ulimtaka nani afunguliwe. Hapo uso wa mwalimu ukabadilika.

"Unatufananisha na wale?" akauliza. "Mzee wetu, tuelewane. Uko upande wa kanisa, au upande wake?"

Fundi akasema hakuna aliyeuliza habari ya pande. Mchungaji akamshika bega, akasema baba amechoka, msiba bado mbichi, tusimbane, ni huzuni inayosema.

Hilo ndilo lililomwasha. Dakika ile ile walikuwa wakimtumia kama ushahidi, mume wa marehemu, mwenye uchungu. Akilia ni shahidi, akisema ni mgonjwa. Akageuka mlangoni alikokaa binti yake, na badala ya kuwajibu wale akamjibu yeye.

"Na wewe unajua nini? Mama yako ameumwa mpaka amekwisha, hukutia mguu hata siku moja. Unatafuta pa kuutua mzigo wako."

Binti hakulia. Alijifunga khanga yake vizuri mabegani, akaangalia sakafu. Wanawake wawili wakahamia karibu naye, na kuanzia hapo Mama Beseni hakuwa tena na mtu wa kumjadili. Walijadili namna baba alivyomwaibisha mwana mbele za watu. Fundi alikaa akitafuta kichwani, swali lilikuwa nini? Alikuwa ameliachia mkono yeye mwenyewe. Na hata hivyo alijua kwamba sababu inayomfanya mtu aseme jambo haifanyi jambo hilo kuwa uongo. Hata mwenye kuficha aibu yake anaweza kusema kweli. Yeye alimpiga msemaji, msemo ukapita salama.

Mwalimu akafunga. Mama Beseni atapumzishwa, na chumba atakiacha. "Kama ana hatia, tumejilinda," akasema. "Kama hana, hajapoteza kitu ila kazi."

Nje, Mama Beseni alikuwa bado kwenye ngazi. Dirisha lisilofungika lilikuwa limempa kikao chote. Fundi akasimama mbele yake, kofia mkononi, akaanza kusema alijaribu kumtetea.

"Ulikuwa unamchapa mwanao, Baba," alisema yule mama. "Mimi nilikuwa nangoja mtu anitaje."

Akanyanyuka, akakung'uta sketi, akaenda kufunga vitu vyake. Fundi akavaa kofia yake. Akamwacha aende, na wala hakumuuliza anaelekea wapi.

Nyumbani, binti alikuwa amepakua chakula na kukifunika. Hakula, naye Fundi hakula. Alikaa kwenye kiti cha mkewe, kisha akahama akakaa kwenye chake.

"Nimekukosea," alimwambia. "Kutokuja kwako ni jambo moja. Kufa kwa mama yako ni jambo jingine. Mimi nimeyafunga kamba moja mbele za watu."

Binti akasema, "Ulisema kweli lakini. Sikuja."

"Kweli. Lakini haikuulizwa."

Kisha Fundi akasema, polepole, akichagua neno kama anavyochagua ubao usio na fundo, kwamba na yeye binti amefunga kamba ile ile. Mgonjwa alizidi baada ya Mama Beseni kuja, ni kweli. Jogoo naye huwika, kukakucha. Kumshuhudia jirani jambo usilolijua ni uongo, na machozi hayaufanyi kuwa kweli. Amri haikusema usishuhudie uongo isipokuwa umefiwa.

"Basi nani amemuua?" binti akauliza.

"Ugonjwa."

"Ugonjwa si mtu, Baba."

"Ndiyo shida yake," alisema Fundi. "Huwezi kuuitia kikao."

Binti akaweka uso mikononi. Alipouinua alitaka kujua kama mama yake alisema neno mwishoni, kama alimtaja mtu. Fundi akasema hajui, alikuwa karakana. Binti akauliza nani alikuwepo. Fundi akamtazama tu, naye akajijibu mwenyewe bila kufungua kinywa. Zaidi ya Mama Beseni hakukuwa na mtu chini ya jua aliyelijua jambo hilo.

Asubuhi walikwenda pamoja. Chumba cha nyuma ya ofisi kilikuwa na kufuli jipya. Ndani, kwa ufa wa mlango, kitanda kilionekana kimeegeshwa ukutani. Wakaenda kwa mwalimu, wakamkuta uani anapiga mswaki. Binti akamuuliza Mama Beseni amehamia wapi. Mwalimu akatema povu, akashangaa. Si yeye aliyesema huyo mwanamke anaua wagonjwa? Anamtakia nini?

"Nilisema nisichokijua," binti alisema. "Naomba kikao kirudiwe, nikaseme hivyo."

Fundi alisimama nyuma yake, na mara hii alifunga mdomo. Alitamani mkewe angesikia.

Mwalimu alimtazama binti kwa huruma ya kweli. Akasema moyo wake ni mzuri, lakini kikao kikishafunga kimefunga. Leo wakirudia kwa ajili ya mtu mmoja aliyebadili mawazo, kesho kila mtu atabadili mawazo, keshokutwa hakutakuwa na kanisa. Zaidi ya hayo, akashusha sauti, kama yule mama hakuwa na kosa, mbona ameondoka haraka hivyo?

Kulikuwa na makosa mengi katika sentensi moja kuliko misumari kwenye mkebe, na mwalimu mwenyewe alikuwa anasuuza mswaki wake kwa amani.

Wakatoka. Binti alikuwa anatembea mbele, haraka, viatu vya ndani miguuni, akimuuliza kila aliyefungua duka kama amemwona mwanamke amebeba beseni la bati. Wa kwanza hakumwona. Wa pili alicheka, akauliza amemuuguza nani tena. Wa tatu alionyesha barabara ya soko, hakuwa na uhakika. Fundi alifuata nyuma, magoti yakimuuma, akimwambia binti asikimbie, wataulizia mlango kwa mlango, hata ikichukua wiki.