Mama Alifika Baharini Akaipa Mgongo

(Aliyetuma kisa hiki ameomba tumfichie jina. Msomeni kwa upole.)

Hamjambo wasomaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, na nafundisha shule ya msingi huku upande wa Mwingi. Jina lifichwe kabisa, kwa sababu mume wangu ni mzee wa kanisa na gazeti hili linasomwa hapa mpaka kwa kinyozi. Si mtu mbaya. Nasema mapema msije mkamtukana bure.

Mama yangu anaishi milima ya Mbooni. Alibaki mjane nikiwa mdogo, akanilea kwa kubeba maembe na ndizi mgongoni kushuka ule mteremko mpaka sokoni. Maisha yake yote hajawahi kuniomba kitu, hata chumvi. Mwaka jana daktari wa macho alimwambia macho yake yanaisha na hakuna dawa ya kuyarudisha. Tukiwa njiani akaniambia, "Mwiitu wakwa, binti yangu, kabla hayajafunga nataka nione bahari. Nasikia haina ng'ambo." Nililia pale pale barabarani, watu wakipita.

Nilipomwambia mume wangu alifurahi kunishinda mimi. Akakusanya vitabu vya picha vya mahoteli ya pwani, tukawa tunavifunua mezani kila tukimaliza kula. Mimi nilitaka gesti moja ya kanisa, ambayo vyumba vimetengana, kila kimoja na mlango wake na bafu yake, ingawa ufuo uko mbali kidogo. Yeye akapenda nyumba ya likizo iliyo kando ya maji kabisa. Sebule moja, bafu moja, vyumba vinatazamana.

Nikamwambia, "Baba watoto, yule ni muthoni wako, mama mkwe. Mtalalaje chini ya paa moja? Mtapishanaje kwa mlango wa bafu?"

Akacheka. "Mwalimu mzima bado uko na hayo mambo? Sisi tumeokoka. Yule ni mama yangu. Anataka bahari, nampeleka mahali ataiona akiwa kitandani. Kosa liko wapi?"

Msiotoka Ukambani niwaeleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawalali nyumba moja, hawali pamoja, na mama mkwe kumwona mkwe wake bila shati, Mungu apishe mbali! Mume wangu anayajua haya yote, amezaliwa nayo. Nilibishana mpaka nikachoka, naye akaenda akalipia nyumba yake.

Tulisafiri Agosti, shule zimefungwa. Yeye alitangulia na watoto kwa pikapu, mimi na mama tukapanda basi. Mama alivaa kitambaa kipya cha kichwa. Njia nzima aliniuliza, "Bado?" mpaka abiria wakaanza kumtania.

Tulipofika, aliingia sebuleni akauona ule mlango mmoja wa bafu, na viatu vya mkwe wake hapo kando. Akaniuliza pole pole, "Na nyumba yangu mimi ni gani?" Akachukua kiondo chake akatoka nje.

Huko nje ndiko mambo yaliharibika kabisa. Mume wangu alikuwa majini na watoto, na kaptura tu, kifua wazi. Alipotuona akapunga mikono yote miwili. "Mama! Mama, njoo uone! Bahari yako hii hapa!" Kwa furaha jamani, kama mtoto. Wooi! Mama alivuta leso akajifunika uso, akageuka akatazama ukuta.

Nikamsihi, "Mwaitu, mama, geuka kidogo tu, angalia ule upande mwingine."

Akasema, "Nitaangalia wapi na yeye yuko mbele yangu?"

Alikataa kulala mle ndani, akalala kwa mke wa mlinzi wa ile nyumba, huko nyuma. Asubuhi nikamwomba apite ufuoni japo mara moja, lakini mume wangu alikuwa amekaa barazani akimngoja amsalimie, na njia ni hiyo hiyo. Mama akaniambia, "Nimeisikia. Inatosha. Nipeleke nyumbani." Kwenye basi hakuifunua ile leso mpaka tukapita Voi.

Sasa mama anasema aibu ile iondolewe kwa desturi, mkwe alete mbuzi Mbooni, yaishe. Mume wangu hataki kusikia. "Mbuzi kwa sababu ya kuogelea? Mimi, mzee wa kanisa?" Na yeye pia ana uchungu, anaona zawadi yake ilitupwa mbele ya mlinzi na watoto. Anasema mama akitaka bahari, nyumba ni ile ile. Na nikimpeleka peke yangu ile gesti ya kanisa, nimetangazia watu kwamba yeye si mtu kwetu, na nisishangae nikirudi nimpate amebadilika. Mama naye ananiambia, "Usivunje nyumba yako kwa sababu ya maji."

Juzi nilienda kumwona. Nilisimama mlangoni na hakunijua mpaka nilipoongea. Akanishika mkono, akanikalisha, akaniuliza, "Siku ile, kwani ilikuwa rangi gani?"

Haki ya Mungu, sijui. Muda wote ule nilikuwa natazama mgongo wake.

Desemba shule zinafunga tena. Nimchukue mama twende wawili, nyumba yangu itikisike, ama ningoje mbuzi ambaye huenda asiletwe? Nishaurini ndugu zangu, na mnijibu upesi. Macho ya mama hayangoji.