Tulimfundisha Mama Kusema Kama Mutu wa Manono

Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini Kiswahili nimekifundisha. Mwanafunzi wangu alikuwa mama yangu mzazi, naye alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ilikuwa Kolwezi, wakati watu wa asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Mimi nilizaliwa pale pale, na baba alichimba shaba mgodi wa Mashamba tangu ujana wake. Vijana walikuja na mapanga na petroli wakatutoa ndani ya nyumba. Kapita wa baba, msimamizi wake mgodini, aliyekula Noeli mezani kwetu, ndiye aliyewaonyesha mlango, na juma lile lile mke wake akaanika nguo kwenye kamba yetu. Na wakubwa waliowachochea kwa kipaza sauti uwanjani, nao nawahesabu. Majina yote ninayo. Siyaandiki, wenyewe wanajijua.

Baba alienda stesheni kungoja treni na wenzake. Hakutaka mama aende. Kule wanawake walizaa kwenye sementi, na watoto walizikwa kando ya reli. Akatupeleka kwa mjane mmoja, mtu wa Manono, mwenyeji asiyefukuzwa, rafiki wa mama wa kanisani, aliyekaa mtaa ambako hatukujulikana. "Akizaa, mtanifuata," akasema.

Mjane aliwaambia majirani kwamba mama ni mdogo wake kutoka Manono. Uongo ulikuwa mzuri mpaka mama afungue mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kasai: akikubali, "eyo", akikataa, "to", kila mwanamke ni "mamu". Mimi nilikulia barabarani na watoto wa kila kabila. Basi kazi ikawa yangu na mjane.

Tulifunga mlango tukacheza soko. Mjane alikuwa muuzaji, meza yake kinu kilichopinduliwa, mboga yake majani ya mhogo.

"Hii sombe ni bei gani, mama?" mama akauliza.

"We unauliza sawa mupolisi. Anza na jambo. Uliza kama batoto beko bazima."

"Batoto yake mi sibajue."

"Hata mi sibajue. Unauliza tu."

Tulicheka siku ile, wote watatu. Alijifunza kuomba matabishi, kile kidogo cha bure anachoongeza muuzaji. Alijifunza kusema "njo vile", yaani ndivyo ilivyo, pale ambapo hakuwa na jibu. Mjane alimfundisha hata kutukana. "Kule kwetu mutu akikukanyanga muguu haunyamaze. Ukinyamaza, batasema uko mugonjwa."

Juma la tatu tulimtuma sokoni peke yake. Alirudi na sombe na mawese, na nyuma yake jirani wa nyumba ya pili, muuza makala, yaani mkaa, wanapiga soga mpaka mlangoni. Mwanamke yule alimpenda. Alimwita yaya, dada mkubwa, akamletea udongo mweupe wanaotafuna wenye mimba. Nikajisifu kuwa mimi ni mwalimu.

Kisha mfanyakazi mmoja wa reli akaja, mchana, ameshika viatu vya baba. Alimtafuta mama uani, akampa viatu, akasema, "Mama, tata alishakufa. Ni kuhara. Siku mbili tu."

Mama akalia. Kwetu mke halii kelele tupu. Anamwita mume wake kwa majina ya ukoo, ya baba yake na babu yake na mto wao, kwa sauti, mpaka kila mtu ajue ni nani amekufa. Na majina yale yanaitwa kwa lugha ya Kasai tu. Tulimfundisha kuamkia, kununua, kutukana. Kulia hatukumfundisha. Hata hatukufikiri.

"Lia Kiswahili, mama," nilimwambia, nikimziba mdomo kwa kitenge. Naandika hili kwa aibu. Aliniuma kidole. Mjane naye akaanza kulia kwa lugha ya kwao, kwa nguvu, ili amfunike.

Lakini kilio kinaita watu, ndiyo kazi yake. Majirani wakaja, mikono kichwani, na wa kwanza alikuwa muuza makala. Akaketi kando ya mama, akamshika mgongo, akasikiliza. Kisha akaniuliza polepole, "Yaya analia mu luga gani?"

"Ya bwana yake."

"Aa. Njo vile."

Akakaa kidogo, akajifuta machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, sitamnyima hilo. Akainuka. Jua lilikuwa bado juu vijana walipofika, yeye nyuma yao, akimwonyesha mama kwa kidevu. Mjane walimpiga mbele yetu, wakang'oa mabati ya nyumba yake. Sisi wakatusukuma mpaka stesheni.

Mama alizaa siku ya pili kwenye sementi, wanawake wamemzungushia vitenge. Mtoto wa kike. Alipumua mpaka saa sita. Wanawake wakaketi kumzunguka mama, wakingoja aanze kulia ili wao waitikie. Hakuanza. Aliomba maji ya kumwosha mtoto, akamwosha, akampa mwenye jembe.

Treni ikaja, tukapanda. Kasai mama aliishi miaka mingi. Alienda kwenye misiba ya watu, akaketi na wenzake kwenye mkeka, akapika, akaosha sahani. Kulia kwa sauti sikumsikia tena. Majina ya baba hakuyamaliza.