Mstari Mmoja wa Bi Sekunde

Kiwandani walimwita Bi Sekunde, na jina hilo lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kompyuta ya kumbukumbu za getini: nani kaingia, nani katoka, tarehe gani, saa ngapi. Bosi akitaka kujua waliochelewa mwezi mzima, Bi Sekunde aliiandikia mashine swali, akabonyeza, majina yakashuka. Ukibisha, alikutolea macho. "Mashine haidanganyi," alisema, na wavivu wa kiwanda kile walimchukia kufa.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, mtunza stoo alikutwa kalala chini katikati ya marobota, kapasuliwa kichwa kwa nondo. Aliyempiga hakuonekana. Kesho yake alfajiri akakata roho, na kiwanda kikachafuka. Walinzi walikuwa rafiki zake wa damu, wakaapa mtu lazima alipe.

Mkuu wao, Afande, akapanda ofisini. "Bi Sekunde, wa zamu ya asubuhi wote walionekana kazini. Nitolee mtu asiye wa zamu hiyo aliyekuwa ndani jana saa nne."

Akaandika swali: tarehe ya jana, kuingia kabla ya saa nne, zamu si ya asubuhi. Ukashuka mstari mmoja tu. Kaingia 09:00, yaani saa tatu asubuhi. Jina lilikuwa la mdogo wake.

Kitindamimba wa mama yao, jamani. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki, akamwombea na kibarua cha upakiaji, zamu ya mchana. Kufuta mstari ule kulitaka kidole kimoja tu, na Afande alikuwa dirishani, kampa mgongo. Miaka kumi na moja kawaumbua wenzake kwa mistari kama ule, leo afute wa kwao? Akaichapa karatasi, akampa.

Saa tisa mchana kijana alipofika getini kuanza zamu, walimdaka, wakamkokota hadi chumba cha walinzi, chini ya dirisha la dada yake. Bi Sekunde alisikia kila kitu. Alisikia buti, alisikia mkanda, akasikia meza ikivunjika.

"Jana asubuhi nilikuwa nyumbani nimelala," mdogo wake alikuwa akisema. "Muulizeni dada."

"Dada yako ndiye katupa jina lako."

Kijana akaangua kilio. Mlinzi mmoja akaja mbio juu, mikono ina damu, anataka daftari la getini liwe ushahidi. Kadi ya kijana ya kupitia getini ilikuwa imekatika jana, kwa hiyo mlinzi wa zamu, ambaye leo alikuwa mapumzikoni, alimwandika kwa kalamu. Bi Sekunde ndiye aliyeuingiza mstari ule kwenye mashine leo asubuhi, simu kaibana shingoni, akigombana na fundi cherehani aliyemharibia mikono ya gauni.

Akalifungua daftari. Juu ya jina la mdogo wake paliandikwa: lori, saa 8 mchana. Chini yake, jina, na 9. Yule mlinzi mvivu hakujisumbua kurudia neno mchana.

Tisa ya mchana. Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa za mchana lazima uziongezee sita, na tisa hii ilipaswa kuwa 15:00. Hesabu hiyo aliifanya kila siku ya Mungu. Siku moja tu kaiacha.

Alishuka ngazi bila viatu, daftari mkono huu, stepla kubwa ya chuma mkono ule. Ukutani damu ilikuwa imeruka hadi kwenye kalenda. Mdogo wake alikuwa sakafuni, uso umevimba haujulikani, na Afande kamkanyaga vidole.

"Nimekosea mimi," alisema. "Aliingia saa tisa mchana."

"Mashine haidanganyi," Afande akamjibu, akainua buti tena.

Bi Sekunde akampiga kwa stepla puani. Akampiga tena alipoinama, na mara ya tatu, hadi walinzi wakamvuta nyuma kwa nywele na kumbamiza mlangoni. Huku damu inamtoka mdomoni alizidi kupiga kelele kwamba kosa ni lake, litazameni daftari, kosa ni lake. Mwishowe mmoja wao akalitazama.

Kesho yake alikaa kando ya kitanda hospitalini, mdomo una nyuzi. Daktari alikuwa amekwisha sema: jicho la kushoto basi tena, la kulia wasubiri. Kijana alikuwa kafungwa bandeji macho yote mawili.

"Dada," akaita. "Saa ngapi saa hizi?"

Bi Sekunde akatazama saa ya ukutani.

"Tisa," alisema. Akaushika mkono wa mdogo wake, ule usiovunjika. "Tisa mchana."