Kisanduku cha Ado Kilichosema Chenyewe

Sabdio hapendi kuambiwa kitu kimekufa. Ukimletea redio ukamwambia imekufa, atakuuliza mmeizika wapi. Kazi yako wewe ni kusema inafanya nini na haifanyi nini. Mengine atayaona mwenyewe akishafungua. Nimeuza maziwa ya ngamia kando ya kibanda chake miaka mingi, hapa Isiolo mjini, pale mitungi ya kutoka Kulamawe inaposhushwa, na sijamsikia akitoa hukumu kabla ya skrubu kutoka.

Ufundi hakusomea. Aliolewa na Waqo, dereva wa lori la mifugo, na redio ya Waqo ikanyamaza mwenyewe akiwa safarini. Sabdio akaifungua kwa kisu cha vitunguu. Akachora kwenye katoni ya majani ya chai kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, akapata mmoja umechomoka, akaurudisha, akafunga. Waqo aliporudi alikuta redio inaimba na skrubu mbili zimebaki mezani. Mwanamume huyo hakushukuru kwa redio, aligombana kwa ajili ya skrubu. Mpaka leo akichelewa kurudi nyumbani Sabdio humwambia, "Wewe ni kama zile skrubu. Uko nje na redio inaimba."

Hadithi ninayotaka kuwapa ni ya siku aliyokuja Madina, jirani yetu, na kitu amekifunga ndani ya leso kama mtu anayebeba nyoka.

Kilikuwa kisanduku cha Ado, binti yake. Sote tulikijua. Ni kitu cha plastiki ya kijani, kina picha juu, na ukibonyeza picha kinataja jina lake kwa Kiingereza cha puani: mbuzi kinasema "goti", farasi "hosi", glasi ya maji "wota". Ado alikuwa amefika umri wa kuanza shule na hajasema neno. Anasikia vizuri, anacheka, lakini mdomo haufunguki. Babake alipomletea kile kisanduku, mtoto akakifanya ulimi wake. Akiwa na kiu anabonyeza glasi. Halafu juzi, Madina alikuwa ametuambia huku machozi yanamtoka, Ado alibonyeza glasi na yeye mwenyewe akasema, "Wo." Nusu ya neno, lakini lilitoka kwake.

"Sasa kinaongea chenyewe," Madina akasema. "Hakuna mtu amekishika, mara goti, mara hosi, mara goti tena. Kimeanza wakati Akko Racho yuko kwa swala."

Akko Racho ni mama mkwe wake. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na yule ni nyanya wa mtaa mzima, tukitaka tusitake.

"Akko amesema nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kina jini. Jioni akiwasha jiko kinaingia motoni. Nimekitoa kwa mlango wa nyuma."

"Na Ado?"

"Tangu asubuhi nikimpa maji anasukuma kikombe. Anatafuta glasi yake abonyeze."

Sabdio hakusema pole. Alinyoosha mkono. "Leta huyo jini. Kama ametoka kiwandani basi ana skrubu."

Skrubu tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikuwa imefichwa chini ya karatasi yenye picha, na aliitafuta kwa kucha kama mtu anayemtafuta kupe kwenye sikio la mbuzi. Kisanduku kikafunguka. Ndani kulikuwa na betri, spika ndogo, na bodi yenye tone jeusi gumu katikati.

"Ubongo uko hapo chini," akasema. "Hapo mimi siingii. Kukiwa kumeharibika hapo, mtoto atafute mwingine wa kumsemea."

Madina akakaa juu ya mtungi wangu, na sikumkataza.

Sabdio akachukua katoni, akaanza kuchora kama kawaida yake. Chini ya kila picha kulikuwa na kipande cha mpira chenye kidoa cheusi, na chini ya mpira njia mbili za shaba kama vitana viwili vilivyokaribiana, meno hayagusani. Mtoto akibonyeza, kidoa kinaunganisha vitana na kisanduku kinasema. Alizigusa njia moja moja kwa waya: hapa mbuzi, hapa farasi, hapa maji. Mara nyingine kilitaja alichogusa. Mara nyingine kilitaja kingine, na mara nyingine kilisema tu, mikono ya Sabdio ikiwa mapajani.

"Astaghfirullah," Madina akasema.

"Nyamaza, kinasema kutosha wewe usikiongezee." Akainua bodi puani, akanusa, akanigeukia mimi. "Zeinab, wewe ndiye mwenye pua. Hii ni nini?"

Nikanusa. Muuza maziwa asiyejua moshi akauze soda. Sisi chicho, chombo cha maziwa, tunakifukiza kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike na yapate ladha, na kila nyumba ina mti wake. Ule ulikuwa moshi wa ejersa, mzeituni wa mwituni, na mjini hapa wengine wote tunafukiza kwa kuni tunazopata. Anayeletewa ejersa na watu wa Marsabit ni mmoja.

"Akko Racho," nikasema. "Madina, mlifukiza kisanduku?"

"Nani anafukiza..." Akaishia hapo. Mkono ukaenda mdomoni. "Ado anakilamba. Akko alisema kitu kinachoingia kinywani mwa mtoto lazima kipate moshi."

Sabdio alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Masizi yaliingia kupitia matundu ya spika, yakakutana na mate ya mtoto, yakawa tope jembamba juu ya vitana. Tope likaunganisha njia bila kidole. Ndiye jini.

Alisafisha kwa spiriti na pamba, kisha kwa kifutio cha penseli, taratibu. Akakianika juani, akarudisha betri. Kikanyamaza. Madina akashusha pumzi. Sabdio akabonyeza glasi, na kikanyamaza vilevile.

Hapo hata mimi niliacha kupima maziwa.

Sabdio alirudi kwenye katoni yake. Akafuata mistari kwa kidole kutoka kwenye betri hadi kwenye tone jeusi, na kutoka kwenye tone hadi kwenye spika, halafu akafuata vilevile kwenye bodi. Waya wa spika ulikuwa umelegezwa na joto la kijinga, na kwa kusuguliwa ukaachia. Akapasha chuma cha kulehemu, akaugandisha, akabonyeza glasi tena.

"Wota," kikasema kisanduku, kwa pua yake ileile. Madina alifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika, sijui ni kilio au kicheko.

Tulienda wote. Kwa Akko Racho jiko lilikuwa tayari linawaka, na Ado amekaa kizingitini, midomo mikavu.

"Salaam aleikum, Akko. Jini tumemtoa," Sabdio akasema.

"Aleikum salaam. Mmemtoa kwa kisomo gani?"

"Kwa spiriti. Alikuwa moshi wako wa ejersa, Akko."

Yule mama alitutazama mmoja mmoja. Nilijiandaa kutukanwa. "Kwa hiyo nimwachie mtoto alambe uchafu?"

"Hapana. Mimi nitakipangusa kila Ijumaa baada ya swala. Wewe fukiza chicho cha maziwa. Maziwa hayana waya."

"Moshi wangu haujawahi kuharibu kitu," Akko akasema, akavuta sufuria akalifunika jiko lote, akaketi mbali nalo.

Ado alikuwa ameshachukua kisanduku. Akabonyeza glasi. "Wota," kikasema, kikanyamaza. Tukangoja kama kitaongeza. Hakikuongeza.

"Wo," akasema Ado.

Akko Racho ndiye aliyeinuka kwanza, na magoti yake yale mabovu, akachota maji mtungini. Mtoto alikunywa kikombe kizima bila kupumua, akakirudisha, akabonyeza tena.

"Nimesikia, nimesikia," Akko akamwambia, akachota kingine.