Siku Nagaratna Alipozima Mashine

Kwa miaka ishirini Nagaratna alizilea mashine za benki ya ushirika pale Mysuru kama mtu anavyouguza wazazi wake. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, baridi kupita kiasi, naye alikaa humo na sweta juu ya sari hata jua la Aprili likichoma nje. Umeme ukikatika, yeye. Akiba ya mteja ikigoma kuonekana, yeye. Kila Ayudha Puja, siku ambayo mtu hukivisha maua chombo kinachomlisha, dereva gari lake na mlinzi bunduki yake, Nagaratna alizivisha seva zake, mashine zilizotunza hesabu za benki, maua ya manjano na kuzipaka poda nyekundu.

Basavanna, meneja, alipoajiriwa hakujua kuwasha hata printa. Nagaratna ndiye aliyemfundisha. Na miaka yote Basavanna alikula chakula cha mchana cha Nagaratna, bila haya, akimwita dada. Kwa hiyo alipoleta habari kwamba benki inahamia kwenye wingu, yaani hesabu zote za wateja zitakaa kwenye kompyuta za kukodi za kampuni ya mbali, Nagaratna hakumtilia shaka.

"Dada, mashine zinaondoka, wewe huachwi. Wakubwa wamekubali utalisimamia hilo wingu kutoka Bengaluru. Na mshahara unapanda."

"Usinichezee, Basavanna."

"Nikuchezee wewe? Halafu nile wapi?"

Nagaratna alicheka, akaamini. Akahamisha hesabu za matawi yote, akawafundisha vijana wawili wa kampuni ile kila alichokijua. Nyumbani, mumewe aliacha kazi ya karakana, na nyumba ya kupanga wakairudisha kwa mwenyewe, tayari kuhamia Bengaluru.

Asubuhi ya puja benki ilifunguliwa nusu siku. Wafanyakazi walijaa chumbani, Nagaratna akazungusha moto wa kafuri mbele ya seva.

"Zima wewe mwenyewe, dada," Basavanna alisema, simu mkononi. "Heshima hii ni yako. Na ucheke basi, kwani tuko msibani?"

Akacheka, akazima. Wakampigia makofi.

Wenzake walipoteremka kula vitamu, alimuuliza Basavanna Jumatatu aripoti kwa nani.

Basavanna alijitia kutazama simu. "Bengaluru hakuna nafasi, dada. Kule mtu mmoja anasimamia benki hamsini."

"Umejua lini?"

"Tangu mwanzo. Sasa ningekwambia, nani angehamisha?"

Alisema hivyo kama anataja bei ya nyanya, mtu aliyekula chakula chake miaka yote hiyo! Hapo simu ya Nagaratna ililia. Kwenye kundi la wafanyakazi ilikuwepo picha yake, anacheka, kidole kwenye swichi. Chini yake Basavanna ameandika kwamba dada yetu mpendwa amechagua kustaafu kwa furaha. Hongera zilikuwa zinamiminika.

Basavanna akashuka zake. Nagaratna alibaki chumbani na hasira zake. Akaziwasha mashine zote tena, moja moja, kwa nguvu. Alitaka zivuruge hesabu za kule kwenye wingu, angalau foleni isimame, angalau mtu mmoja ashtuke apande ngazi mbio akimwita jina. Mashine zikavuma, taa zikawaka. Akaenda mlangoni kusikiliza. Chini makarani walikuwa wakihudumia wateja kama kawaida, hesabu zikitoka kwenye wingu, na mtu fulani alikuwa akiuliza kama vitamu vimebaki.