Mkia Nilioung'oa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka natoka jasho mgongoni hata kama kiyoyozi kinanipuliza usoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwaka wangu wa pili hapa Doha, dereva wa nyumbani kwa mzungu mmoja mhandisi kule mtaa wa Muaither. Leo mnaniona na mvi zangu hapa mtaani Fereej Bin Mahmoud, mnaniita mzee Athumani, mnaniletea kesi zenu za kazini niwaamulie, mnadhani nilizaliwa na busara. Sikuzaliwa nayo. Nilimpakia kwenye gari mtu asiye na hatia, nikafunga mlango, nikaanza kumpeleka uwanja wa ndege arudishwe kwao kwa kosa nililolifanya mimi. Kaa vizuri nikusimulie.

Nyumba ile tulikuwa wafanyakazi wawili. Mimi dereva, na dada Nafula, Mkenya wa Bungoma, aliyepika na kufanya usafi. Alinizidi kama miaka kumi na mitano, alikuwa na watoto watatu shuleni, na maneno yake yalikuwa machache. Mwenye nyumba tulimwita Mister. Alikuwa anakaribia sitini, anaishi peke yake, mpole, na kitu alichokipenda kuliko vyote duniani ni ndege za plastiki. Si hizi za watoto, la. Ni zile unazonunua vipande kwenye boksi, ukakata, ukabandika kwa gundi, ukapaka rangi kwa kibrashi, ndege moja inakula miezi. Alikuwa na chumba kizima cha kazi hiyo, na rafu zote za chumba kile zilikuwa na kikosi kimoja tu: ndege za mabomu za Wamarekani, zile B-24, zilizokaa kusini mwa Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Safari za asubuhi kumpeleka kazini ndizo zilizoniponza. Njia nzima alikuwa ananieleza habari za ndege zile, na mimi, mtoto wa Tanga ambaye hata darasa la historia nilikuwa nasinzia, nikajikuta nazipenda. Alinifundisha kwamba kikosi kile hakikuwa na ndege za namna moja. Zilikuja kwa matoleo, kila toleo na herufi yake. H na J zote zina kibanda cha bunduki puani, ila ukivitazama kwa ubavu vibanda vyenyewe havifanani. L ilikuja baadaye, imepunguzwa uzito mkiani. Kile kibanda kizito cha mpiga bunduki wa nyuma kimeondolewa, pamewekwa chepesi. Tukisimama kwenye taa nyekundu ananionyesha picha, anauliza hii gani. Nasema J. Anacheka, ananipiga bega. Mwanangu, nilivimba kichwa. Nikaanza kuwatambia hata madereva wenzangu pale nje ya maduka, wao wanazungumza mpira, mimi nazungumza matoleo ya ndege.

Lakini chumba chenyewe nilikuwa nakiona kutokea mlangoni tu. Ufunguo alipewa dada Nafula peke yake, na sharti lilikuwa moja: kufuta vumbi kwa brashi laini, basi. Hakuna kuhamisha kitu, hakuna kunyanyua kitu.

Jumatano moja dada Nafula alikuwa na rundo la nguo za kupiga pasi mpaka kiunoni. Mimi sina safari, nimekaa jikoni nakunywa chai, kiherehere kinanisumbua. Nikamwambia, "Dada, nipe ufunguo, nikufutie vumbi mle ndani."

Akanitazama kidogo. "Ufute tu, Athumani. Usiguse kitu."

Nikasema sawa dada, kama kawaida yetu sisi wafanyakazi wa huku. Tumezoea kusema sawa kabla hatujasikia tumeambiwa nini.

Nikaingia. Nikafuta rafu ya juu, nikafuta ya kati, na hapo ndipo nilipoiona. Ndege toleo la H, pua yake ya H kabisa, lakini mkiani imewekwa ule mkia mwepesi wa L. Tena mkia wenyewe mbaya, si wa plastiki kama nyingine, ni kijibati kimekwaruzwa, hakina hata rangi. Nilicheka peke yangu. Nikasema masikini Mister, macho yameanza kumchoka, amechanganya. Chini ya meza palikuwa na boksi la vipande vilivyobaki, nikapekua, nikauona mkia halisi wa H, mpya, haujatumika. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi.

Nikachukua kisu chake kidogo, nikaung'oa ule wa bati. Nikabandika wa plastiki kwa gundi, nikaushikilia mpaka ukashika. Kile kijibati nikatoka nacho, nikakitupa kwenye pipa la jikoni pamoja na maganda ya viazi, jioni nikautoa mfuko mwenyewe mpaka kwenye pipa kubwa la mtaani. Usiku ule nililala natabasamu. Nilikuwa nasubiri Mister agundue, aulize ni nani fundi huyu, nami niseme ni mimi.

Akagundua Ijumaa asubuhi. Tulikuwa jikoni, mimi na dada Nafula, tukasikia mlango wa chumba kile unafunguliwa, halafu kimya. Kimya kirefu mpaka dada akazima jiko asikilize. Kisha Mister akaingia jikoni ameibeba ile ndege kwa mikono miwili. Nimefanya kazi na watu wakali hapa mjini, nimetukanwa mpaka nikazoea, lakini uso kama ule sijapata kuuona tena. Ulikuwa mweupe kama unga.

"Kipande cha bati kiko wapi?" akauliza.

Mwanangu, fundi mimi, niliyekuwa nasubiri sifa siku mbili, nikatazama sakafu. Nilielewa palepale kwamba nimefanya jambo baya, ingawa sikujua ni baya kiasi gani.

Akamgeukia dada Nafula. "Ufunguo unao wewe."

Dada akanitupia jicho mara moja tu, halafu akamtazama yeye. "Ndiyo, Mister. Ufunguo uko kwangu."

"Umekitupa?"

"Mimi sijakitupa."

"Basi nani?"

Hakujibu. Na mimi niliyekuwa na jibu nilisimama pale na kikombe changu mkononi nikanyamaza. Mister akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba Jumapili dada Nafula atarudi kwao, tiketi atamkatia, na mimi nitampeleka uwanja wa ndege.

Alipoondoka jikoni nilitoka mbio mpaka kwenye lile pipa la mtaani. Tupu. Gari la taka la baladia, manispaa ya huku, lilikuwa limepita tangu Alhamisi. Nilishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili, nikabaki nimeinama, nashindwa kuamini kwamba kitu kidogo kiasi kile, nilichokitupa na maganda, kinamfukuzisha mama wa watu kazi.

Sasa hapo ningerudi ndani niseme. Dakika mbili tu. Sikusema. Ijumaa ile ikapita, Jumamosi ikapita, na mimi najitengenezea sababu. Nilijiambia nina mama Tanga ananitegemea. Nilijiambia dada Nafula ni mzoefu, atapata nyumba nyingine. Nilijiambia hata yeye ana kosa, kwa nini alinipa ufunguo? Unaona nilivyofikia? Mtu mwoga hakosi hoja. Na muda wote huo dada yuko chumbani kwake anakunja nguo za watoto alizokuwa amewanunulia, nasikia zipu ya begi inafungwa na kufunguliwa, na bado asubuhi ananiwekea chai.

Jumapili mchana nikapakia begi lake. Alikaa kiti cha nyuma, amevaa koti la safari na joto lote lile. Tulitoka Muaither, tukaingia barabara kubwa, na vibao vya uwanja wa ndege vikawa vinapita kimoja kimoja. Tulipofika pale pa kukata kulia mikono ilinigomea. Sikukata. Nikazunguka mzunguko mzima, nikashika njia tuliyotoka.

"Mbona unarudi nyuma?" akauliza dada. "Ndege itaniacha."

Nikasema, "Ni mimi, dada. Ule mkia niliung'oa mimi."

Nilitegemea apige kelele. Akasema tu, "Najua."

Niligeuka mpaka gari nusura litoke njiani.

"Tazama mbele," akasema. "Jumatano ile ulinirudishia ufunguo na gundi iko kwenye vidole. Nilijua tangu Ijumaa Mister alipoingia jikoni."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Nikutaje mimi? Wewe huna mdomo?" Akavuta pumzi. "Nilitaka tu kuona utanifikisha mpaka wapi."

Nilitamani ardhi inimeze na gari lake. Siku mbili zote zile nikinywa chai yake alikuwa anajua. Alikuwa ananitazama, ananingoja niwe mtu, na mimi nikampakia begi.

Mister tulimkuta ameketi ukumbini, ile ndege mezani mbele yake. Nilisema yote nimesimama mlangoni, tangu brashi mpaka pipa la mtaani. Sikuacha kitu. Nikategemea anifukuze hapohapo, na ningeona ni halali yake. Badala yake aliinuka, akamwendea dada Nafula, akamwomba radhi, na alipokuwa anaomba machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akaniita nikae.

Akanieleza kwamba ndege ile haikukosewa. Baba yake alikuwa mpiga bunduki wa mkiani katika kikosi kile. Ndege yao ilikuwa H ya zamani, mkia wake uliharibiwa na risasi, mafundi wakaifungia mkia wa L iliyokuwa imekwisha kazi, kwa sababu vita havingoji vipuri. Siku moja wakirudi waliangukia mlimani. Ndege zilizoanguka kwenye milima ile zilikuwa zaidi ya moja, zimeungua, hakuna anayejua ipi ni ipi, na miaka mingi baadaye waliokuja kuchunguza mabaki waliitambua ya baba yake kwa jambo moja tu: ilikuwa H yenye mkia wa L. Mister alizaliwa baba ameshakwenda vitani, hawakuwahi kuonana. Alipokuwa mtu mzima akasafiri mpaka kijiji kilichoko chini ya mlima ule huko Italia, mkulima mmoja mzee akampa kipande cha bati la ndege ile alichokiokota mlimani utotoni mwake. Akakikata, akakitengenezea ule mkia.

"Sikuwa na kitu kingine cha baba yangu," akasema.

Mwanangu, mpaka leo nikisimulia hapa hunishinda. Ningemuuliza swali moja tu kwenye taa nyekundu, "Mister, mbona ile H ina mkia wa L?", angenieleza yote, na ningeifuta vumbi ndege ile kwa adabu kama mtu anayefagia kaburi.

Hakunifukuza. Dada naye alibaki, Mister akamwongezea mshahara. Lakini tangu nifike nyumba ile mimi na dada Nafula tulikuwa tunakula sahani moja, ugali katikati, mboga pembeni, kama ndugu. Jioni ile ya Jumapili alivua koti, akapika, akapakua sahani mbili. Akaniwekea yangu mbele yangu bila hasira, akaenda kula yake karibu na jiko. Nilikaa nyumba ile miaka mitatu zaidi. Alinisalimia kila asubuhi, nikiugua alinipikia uji, na sahani zikabaki mbili mpaka siku nilipohama.

Basi nisikilize. Kazini kwa mtu ukikuta kitu unachokiona kimekosewa, uliza kwanza, hata kama una uhakika, na hasa ukiwa na uhakika. Na ukiharibu, maana utaharibu, sema saa ileile, kabla jina la mwenzako halijatajwa. Bosi atakugombeza, pengine atakurudisha kwenu, na kwenu utafika ukiwa bado mtu. Mimi nilinyamaza siku mbili; kazi na mshahara nilibaki navyo, ila nikala peke yangu miaka mitatu.

Mungu akupe ujasiri wa kusema siku utakayokosea, akuepushe na aibu niliyoiona mimi, na akujalie popote utakapofanya kazi uwe na mtu anayefurahi kula na wewe sahani moja.